Dawa Nyeusi Kwenye Kituo cha Kura

Siku ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani. Mtu anayeondoka kazini ndiye asiyehitaji saa kabisa, lakini nilishukuru, nikapigwa picha nikiwa nimeikumbatia. Soda zilipokaribia kuisha, mmoja wenu vijana wa ofisi akaniuliza, "Mzee, ni kweli watu waliwahi kukataa kupiga kura kwa sababu ya kipindupindu?" Nikafungua mdomo nijibu, gari la ofisi likapiga honi. Sasa niko nyumbani, hakuna gari linaloningoja, na jibu nitalitoa kwa urefu ninaoutaka mimi.

Nilianza kazi ya ubwana afya hapa Kisumu miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa nimekulia Kaloleni, kwenye zile nyumba za kaunsili, na mama yangu aliwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ameingia udaktari. Nilipomweleza kwamba nitakuwa nakagua vyoo, vichinjio na maduka ya nyama, akasema hata vyoo vinahitaji mtu aliyesoma. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe vya raba. Mzee Obiero, bwana afya mkongwe niliyekabidhiwa anifundishe, aliviangalia viatu vile, akanipeleka moja kwa moja kichinjioni. Nilirudi nyumbani na viatu vya rangi nyingine.

Obiero alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya jua aliyoirithi kwa mzungu fulani aliyerudi kwao. Hakuwahi kuingia boma la mtu akaulizia choo. Aliketi kwanza. Aliuliza habari za ng'ombe, akauliza watoto wako darasa la ngapi, akanywa uji kama upo, na ndipo akasema, "Na tukitaka kujisaidia hapa kwenu tunaelekea wapi?" Mimi niliona anapoteza muda. Nilipokwenda peke yangu mara ya kwanza, nilianza na choo, na mwenye boma akanifungulia mbwa. Obiero aliponikuta naosha jeraha alisema tu, "Omera, ndugu yangu, nilikwambia uanze na ng'ombe."

Vyombo vyetu vya kazi mngevicheka. Baiskeli moja kwa watu wawili. Pampu ya kubeba mgongoni, iliyovuja kila mara mahali pale pale, hata mashati yangu yote yalikuwa na doa moja la kahawia chini ya bega. Chokaa kwenye magunia. Na dawa nyeusi, ile nzito kama lami, ambayo ukiimimina kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa. Watoto walipenda sana kuiona ikigeuka. Harufu yake ilikuwa haitoki. Mke wangu aliniamuru nivulie shati nje, kwenye kamba ya nguo, na nikipanda basi watu walisogea wenyewe, kwa hiyo miaka yote ile sikukosa kiti.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea, kwa malaria, kichocho, mbwa wa kichaa na wenye maduka wasiotaka kufunika nyama, mpaka miaka ya sabini kipindupindu kilipotufikia ziwani. Sisi hatukuwa tumewahi kukiona. Obiero naye, aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, hakuwa amekiona. Tulipewa mafunzo ya haraka, masanduku ya maji ya dripu na vitanda vya ajabu: turubai lenye tundu katikati, na chini ya tundu, ndoo. Mgonjwa analala, kila kinachomtoka kinaingia kwenye ndoo, na wewe unaangalia kilichotoka ili ujue ni kiasi gani cha kumrudishia. Mtu akiletwa mapema, ngozi yake bado haijanywea, ulikuwa unamwona anafufuka mbele ya macho yako. Akichelewa, mambo yalikuwa mengine.

Kambi yetu ilikuwa Kobare, bichi ya wavuvi unayoifikia ukishuka kutoka Katito kwa njia ya Kendu Bay na kukata kulia kwenye vichaka. Kobare hakukuwa na zahanati wala maji ya bomba. Watu walichota ziwani, pale pale walipoogea, walipofulia na walipotengenezea samaki. Jengo la maana lilikuwa moja tu, shule ya msingi, na ndani yake darasa moja lenye sakafu ya saruji, darasa la kwanza. Tukatoa madawati, tukaingiza vitanda.

Kati ya wagonjwa walioletwa pale alikuwa Perpetua na binti yake Akoth. Perpetua alikuwa mama mjane aliyekausha samaki aina ya kamongo kwa moshi na kuwauza Katito siku ya soko, mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono iliyobabuka kwa moto. Akoth alikuwa mwanafunzi wa darasa lile lile tuliloligeuza kambi. Waliletwa kwa mkokoteni mmoja. Mama alipona. Mtoto alilazwa chini ya dirisha ili apate hewa, Obiero akamtafutia mshipa usiku kucha, na asubuhi akatutoka.

Wakati ule waliokufa kwa kipindupindu tuliwazika sisi wenyewe, kwa chokaa, haraka, bila matanga. Nyinyi ni watoto wa huku, mnajua hilo ni jambo gani kwa Mjaluo. Hakuna kukesha, hakuna kulia juu ya maiti, hakuna jamaa kutoka mbali. Kaburi la Akoth nililichimba mimi. Mama yake alikuwa bado amelala kwenye turubai na sindano mkononi, anatusikia. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma, sitaki kuwaficha.

Kipindupindu kikatulia. Tukafunga kambi, tukarudisha madawati, lakini wazazi wakagoma kurudisha watoto kwenye darasa lile. Mwalimu mkuu akawafundishia nje. Hapo ndipo uchaguzi ukaingia.

Wengi wenu mnapiga kura mkiwa na bomba uani, kwa hiyo naomba mnisikilize hapa. Kobare na soko la huko juu, mbali na ziwa, walikuwa kata moja, yenye diwani mmoja. Kaunsili ilikuwa imekubali kutandika bomba moja katika kata ile. Mgombea wa juu aliahidi bomba litaishia sokoni. Mgombea wa bichi, mwenye mashua mbili na sauti kubwa, aliapa litafika Kobare. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu, hata kwa bibi asiyejua kusoma: bichi ikipiga kura, maji yanakuja, na ikikaa nyumbani, itaendelea kunywa ziwa na kungoja kipindupindu kirudi.

Na dalili zilikuwa mbaya. Mikutano ya kampeni kando ya ziwa ilikuwa mitupu. Watu walikuwa wameshika sana yale tuliyowafundisha, kwamba ugonjwa huu unapita kwenye mikono na kwenye mikusanyiko ya watu. Mgombea alinyoosha mkono amsalimu mzee, mzee akaweka mkono wake nyuma. Kwetu huwezi kuomba kura bila kushikana mikono. Kule juu, ambako kipindupindu hakikupanda, watu walikuwa wanajaa mpaka kwenye miti.

Kituo cha kura cha Kobare kikapangwa shuleni, kwenye darasa lile lile, kwa kuwa ndilo pekee lenye mlango wa kufungwa kwa kufuli. Amri ikatoka kwa wakubwa kwamba majengo yote yaliyolaza wagonjwa yapulizwe dawa kabla ya uchaguzi, ili mwananchi asiogope. Ili asiogope, hayo ndiyo maneno yenyewe. Obiero nami tukajaza pampu, tukapuliza kuta, sakafu, madawati, dari, tukafunga madirisha na mlango, tukaenda zetu. Kazi ilikuwa safi. Hata inspekta angeisifu.

Asubuhi ya uchaguzi msimamizi wa kituo alifungua mlango na harufu ikampiga usoni kama mvuke wa sufuria. Huyu alikuwa Mwalimu Njuguna, kijana aliyezaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka la vitambaa mjini baada ya kuhamia kutoka Nyeri. Alikuwa mtu wa kanuni, penseli mbili mfukoni. Akaweka sanduku lake mezani, akawaonyesha mawakala kwamba ni tupu, akalifunga, akakaa. Wapiga kura wakaanza kuja. Walifika kwenye ua wa miiba wa shule, wakasimama, wakanusa, wakageuka.

Asubuhi upepo wetu hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, hiyo kila mvuvi anaijua. Kwa hiyo harufu ilishuka yote bichi, nyumba kwa nyumba, na hata waliokuwa bado wanafunga viatu wakavivua. Watu walirudi kukaa chini ya vibanda vya samaki, na vitambulisho vyao mifukoni, wakituangalia kwa mbali.

Nikawafuata. Aliyenijibu alikuwa Mzee Ogola, fundi wa mashua.

"Bwana Afya, hiyo harufu sisi tunaijua," akasema. "Ukija nayo kwa boma la mtu, baadaye mnatoka mmebeba mtu."

"Hiyo ni dawa, Baba. Inaua."

"Hata mimi naona inaua."

Wengine wakacheka kidogo, lakini hakuna aliyesimama. Nikawaeleza habari ya vijidudu, nikaeleza kwamba mahali pasafi kuliko pote Kobare nzima siku ile ni darasa lile. Walinisikiliza kwa adabu. Mama mmoja akaniuliza kama ni pasafi hivyo, kwa nini panuke hospitali. Miaka yote nilifundishwa kwamba ile harufu ni ya usafi, na kumbe kwao ilikuwa harufu ya siku waliyompoteza mtu.

Nikarudi kwa Mwalimu Njuguna, nikamwomba tuhamishie meza chini, kwenye vibanda.

"Bwana Afya, mimi nimepewa kituo hiki," akasema. "Nikihamisha hata kiti, mgombea wa juu ataenda mahakamani na kura zote zitatupwa. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo. Wakala wa mgombea wa bichi alikuwa ameketi na kichwa kati ya mikono. Mtu aliyepita na baiskeli kutoka juu alikuwa amemwambia kwamba foleni ya sokoni imezunguka duka la posho. Ndani ya sanduku letu zilikuwemo kura za polisi na makarani, na ya mlevi mmoja asiyenusa kitu.

Perpetua alikuja jua lilipokuwa limepanda vizuri. Alikuwa anaburuta pipa lililokatwa nusu, na juu yake ule wavu wa chuma anaokaushia samaki. Akaliweka nje ya ua, upande wa ziwani, akaanza kupanga kuni.

"Min Akoth," nikamwambia, na nikajuta palepale kumwita kwa jina la mtoto, lakini ndivyo alivyojulikana na kila mtu. "Min Akoth, mimi ndiye niliyewakataza kuuza samaki karibu na shule."

"Siuzi. Nakausha tu."

"Kwa nini hapa?"

Akaelekeza kidole kwenye matanga ya mashua yaliyokuwa yameanza kutikisika. "Upepo unageuka sasa hivi. Utatoka ziwani." Akaangalia mlango wa darasa, akaondoa macho haraka. "Watu wa hapa hawaogopi moshi wa kamongo."

Nikamtazama Obiero. Kanuni za kazi zilisema wazi, hakuna chakula karibu na mahali palipokuwa na kambi. Obiero akavua kofia yake, akajipepea.

"Mimi sioni mtu anayekula," akasema.

Upepo ukageuka. Moshi ukalala chini, ukapita ua wa miiba, ukaingia darasani kwa mlango na kutokea madirishani. Moshi wa kamongo ni mnene, una mafuta, unashika nguo na nywele. Ni harufu ya jikoni kwa kila mtu aliyezaliwa pale. Kwa dakika chache bado ungeweza kunusa dawa chini yake, halafu ukawa hunusi tena. Darasa lile halikuwa salama zaidi wala hatari zaidi kuliko asubuhi. Mimi bwana afya nakwambieni hivyo. Lakini Mzee Ogola alisimama, akajikung'uta, akapanda polepole mpaka mlangoni, akaingiza kichwa.

"Sasa pananuka watu," akasema, akaingia.

Baada yake wakaja wawili, halafu wake zake, halafu wavuvi kwa makundi, wakiacha nafasi kati ya mtu na mtu, hakuna anayemgusa mwenzake. Ilikuwa foleni ndefu kuliko watu wake. Mwalimu Njuguna alipiga mihuri huku machozi yakimtiririka kwa moshi, na kila mpiga kura aliyetoka alitoka anakohoa. Wakala wa bichi alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyepata homa. Perpetua hakuinua kichwa. Moto ulipofifia aliongeza kuni mbichi, upepo ulipohama kidogo alisogeza pipa.

Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Kisha nikaanza kumwangalia yeye. Foleni ilikuwa inapungua, jua linashuka, na yeye hajapanga foleni. Nikamwambia aniachie moto niuchunge.

"Chunga tu hapo hapo," akasema, asiondoke.

"Mama, kituo kinafungwa."

"Nilikuja asubuhi mapema, kabla hajafika mtu. Nilifika mlangoni. Miguu ikakataa."

"Sasa harufu imekwisha. Umeiondoa mwenyewe."

"Imewaishia wao." Akageuza samaki mmoja kwa vidole vitupu. "Mimi huu moshi nimeuwasha mwenyewe, Bwana Afya. Hauwezi kunidanganya. Nikiingia pale nitaona dirisha."

Nikaenda kwa Mwalimu Njuguna. Nikamsihi ampelekee karatasi pale nje, hatua chache tu, wote tutageuka migongo. Sikuwahi kumsihi mtu hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema kura hupigwa ndani ya kituo, na akinionea huruma mimi leo, kesho atakuja mwingine wa kuonewa huruma kwa nia mbaya. Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa ajili hiyo. Halafu alifanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Alitoka mwenyewe mpaka kwenye pipa, akamwambia mama yule kwamba atakaa mlangoni mpaka sekunde ya mwisho ambayo sheria inamruhusu, na kwamba akitaka atamsindikiza. Perpetua akasimama. Akajifuta mikono kwenye leso. Akatembea mpaka kizingitini, akashika nguzo ya mlango, akasimama hapo. Kisha akatikisa kichwa.

"Funga tu, Mwalimu," akasema, akarudi kwenye samaki wake.

Bichi ilishinda. Hesabu haikuihitaji kura ya Perpetua, na wengi hawakujua kwamba haimo. Mimi nimeifikiria kuliko zote zilizokuwemo. Tulizoea kusema watu wanaogopa ugonjwa, kana kwamba hofu ni kitu kimoja, unaipulizia dawa inakwisha. Wale wa Kobare waliogopa kuambukizwa, na hofu hiyo moshi uliweza kuituliza. Perpetua hakuogopa kuambukizwa kitu. Yeye alikuwa ameshaugua, ameshapona, ameshapoteza. Bila moshi ule, kwenye vitabu vyetu wote wangeandikwa kwamba hawakujitokeza kwa sababu ya kipindupindu, na isingekuwa uongo. Lakini nyinyi mtakaopewa kazi ya kuandaa kituo wakati wa maradhi, kabla hamjauliza ni dawa gani ya kupuliza, ulizeni kwanza ni nani alifia pale, na mama yake anaishi wapi. Mkiweza, tafuteni jengo jingine. Likikosekana, turubai na miti minne kwenye uwanja wa mpira hunuka majani tu.

Bomba lilichelewa, kama mabomba yote ya kaunsili, lakini lilifika Kobare. Obiero alikuwa amekwisha kustaafu, alikuja na kofia yake kama mgeni. Diwani alihutubia kwa muda mrefu. Watu wa bichi yote walikuwa wamepanga ndoo na madebe mbele ya bomba jipya, na Perpetua alikuwa karibu na mbele, kwa sababu alifika mapema. Diwani alipofungua koki, maji yakatoka, akataka kuchekesha watu. Akasema kwa sauti ile ile kubwa, "Leo aliyenipigia kura ndiye atakayechota kwanza. Asiyenipigia akae nyuma."

Watu wakacheka. Perpetua akainua ndoo yake, bila hasira wala uso wa kuonewa, akatoka kwenye nafasi yake, akatembea kando ya foleni mpaka mwisho kabisa, akaiweka chini.

Kicheko kikakatika. Mzee Ogola, aliyekuwa amebaki wa kwanza, akaangalia maji yakimwagika ardhini, akaangalia ndoo yake, hakuisogeza. Aliyemfuata hakuisogeza. Diwani aliuliza kuna nini. Maji yakaendelea kumwagika, yakatengeneza kijito kidogo kuelekea ziwani, na mstari mzima ukasimama mikono chini, mpaka yule mama akaelewa kwamba wanamngoja yeye. Akaichukua ndoo, akarudi mbele, akaitega. Presha ilikuwa ndogo, ndoo ilijaa taratibu sana, na hakuna mtu aliyelalamika.